Khalifa Asiposubiriwa

Chuoni tuliposoma Kurani, maalimu wetu alikuwa na khalifa. Yeye ndiye aliyetusikiliza juzuu zetu sisi wadogo, ndiye aliyejua nani kaghibu kwa homa na nani kaghibu kwenda kuogelea. Neno lenyewe lina maana mbili zisizoachana: khalifa ni msaidizi, na khalifa ni yule ajaye baada. Maalimu alipofariki, hakuna aliyekwenda mji wa mbali kutafuta mwengine.

Neno hilo lilinirudia juzi barazani, vijana waliposhindana juu ya mpira wa Kimarekani, ule mfano wa yai, unaochezwa kwa mikono kuliko miguu. (Kwa nini wakauita mpira wa miguu, wanajua wenyewe.) Huko timu za vyuo vikuu si mchezo wa watoto. Katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, huketi watu zaidi ya 80,000. Basi vijana waliuliza: kocha mkuu akiondoka, apandishwe msaidizi wake ama aletwe mgeni?

Mimi nasema apandishwe msaidizi. Lakini ampandishaye na awe tayari kumsubiri, la sivyo amemdhulumu.

Tuitazame hiyo hiyo Nebraska. Bob Devaney alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970 na 1971. Alipostaafu ukocha, kiti alimwachia msaidizi wake, Tom Osborne, aliyeanza mwaka 1973. Je, Osborne alianza kwa vifijo? Hata! Mahasimu wao wakubwa, Oklahoma, walimfunga miaka mitano mfululizo, na watu wakanung'unika. Hakufukuzwa. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa aliupata msimu wa 1994, baada ya miaka ishirini na zaidi! Akauongeza wa 1995 na wa 1997, kisha akang'atuka akiwa na ushindi 255.

Naye akafuatwa na msaidizi wake, Frank Solich, aliyekuwa mchezaji wa Devaney na kisha msaidizi wa Osborne tangu 1979. Kama kuna mtu aliyekuwa khalifa, ni huyu. Msimu wa 2001 aliifikisha timu kwenye fainali ya taifa, wakashindwa na Miami. Msimu uliofuata ukawa mbaya, ushindi saba na kushindwa saba. Mwaka 2003 akajirekebisha, akashinda michezo tisa katika kumi na miwili. Na mara tu baada ya kuifunga Colorado, mkuu wa michezo wa chuo akamwachisha kazi. Ati tisa hazitoshi! Kosa lake ni kwamba alipimwa kwa kimo cha Osborne wa mwisho, si cha Osborne wa mwanzo.

Akaletwa mgeni mwenye jina, Bill Callahan, kutoka mpira wa kulipwa. Katika misimu yake minne, miwili timu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Tangu hapo wamepita makocha kadhaa, na ubingwa wa ligi yao wa mwisho umebaki kuwa ule wa 1999, wa Solich.

Sisemi kila wa ndani hufaa. Oregon walimpandisha Mark Helfrich mwaka 2013, akafika fainali, na kufikia 2016 timu ilikuwa imeporomoka, wakamtoa. Lakini watazame Clemson. Mwaka 2008 walimshika Dabo Swinney, kocha wa wadakaji tu. Mwaka 2010 alishindwa michezo saba katika kumi na mitatu, na wengi walidhani yamekwisha. Wakubwa wake wakamwacha aendelee. Akawaletea ubingwa wa taifa wa msimu wa 2016, na wa 2018.

Ama Solich, alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio, chuo kisichovuma katika mchezo huo, akakaa huko tangu 2005 hata akastaafu 2021, akiwa ameshinda michezo mingi kuliko kocha yeyote katika ligi ile. Nebraska hawakumwona uwanjani kwao kwa muda wa miaka ishirini. Mwaka 2023, alipokuja kocha mpya, Matt Rhule, wakamwalika, naye mzee akaja.