Barua kwa Shirika la Ndege

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu wengi watacheka wakilisikia. Watasema, "Sisi tusafirio kwa basi, tena kwa kusimama, yatuhusu nini mambo ya ndege?" Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka likizo ya Juni mwaka jana, yalipomfika shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Alikwenda Muscat kumzuru binti yake aliyeolewa huko, na kwa fedha za upatu akanunua vitambaa saba vya lesi, vya kushonea nguo za harusi mbili ambazo alikwisha kupokea arubuni yake. Kurudi alibadili ndege njiani. Alipofika Dar es Salaam siku ya Jumamosi alilikuta begi lake limechanika ubavuni, na lesi zote zimeingia mafuta meusi. Kwa uchovu alilichukua akaenda zake nyumbani bila kumwambia mtu yeyote pale uwanjani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana pale pale uwanjani kuna fomu ya kujaza kabla hujatoka nje.

Jumatatu baba mdogo akaenda ofisini kwa shirika hilo. Baba mdogo ni mtu mwema, lakini ana sauti. Alipiga meza, akawaita wezi, akasema anawajua wakubwa. Aliyekuwa dirishani ni kijana ambaye, nadhani, hajapata kugusa begi la mtu ila lake mwenyewe. Askari akaitwa. Jumatano akarudi, mambo yakawa yale yale. Jioni hiyo ndipo nilipofika kutoka shuleni, nikakuta nyumba nzima inasimulia kwa fahari jinsi baba mdogo alivyowatolea maneno makali. Shangazi peke yake alikuwa kimya, ameloweka kitambaa kimoja katika beseni akijaribu kukitoa madoa. Nikamsihi asiendelee kufua, kwani ule uchafu ndio ushahidi wetu.

Nikamwomba karatasi za tiketi. Mwishoni, kwa herufi ndogo ambazo hapana mtu azisomaye, nikaona kuwa mzigo ukiharibika msafiri lazima alalamike kwa maandishi katika siku saba tangu alipoupokea. Ukichelewa, siku ishirini na moja. Baadaye nilimwuliza mwalimu, akanieleza kuwa hayo yatoka katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Oman zote zimo. Ule mkataba wa kale wa Warsaw wa 1929 ulitoa siku tatu tu kwa mzigo ulioharibika. Siku saba zililetwa na mapatano ya The Hague ya 1955. Basi safari mbili za baba mdogo zilikuwa zimekula muda wetu, na maneno yake yote, pamoja na ukali wake, hayakuwa yameandikwa popote.

Usiku ule niliandika. Sikuandika kuwa shangazi ni mjane wala kuwa tumeumia sana moyoni. Niliandika jina kama lilivyo katika tiketi, nambari ya safari na tarehe, nambari ya kikaratasi cha mzigo, hali ya begi lilipopokelewa, thamani ya vitu kimoja kimoja, na mwisho kiasi tunachodai. Picha nikazipiga kwa simu ya baba. Jirani mmoja alitushauri tuongeze bangili ya dhahabu katika orodha. Nakiri kuwa kalamu yangu ilisita, kwa kuwa shirika ni tajiri na shangazi ni maskini. Lakini shangazi akasema, "Mwanangu, usiandike nisichokuwa nacho." Nami sasa naona kuwa, mbali na dhambi, hata kwa hesabu alisema kweli: wangeligundua bangili ile ni ya uongo, nani angaliziamini lesi?

Alhamisi tulituma barua pepe, na nakala tukaipeleka kwa mkono, tukaomba yetu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Jibu la kwanza lilikuwa la pole tupu. Nikaandika tena, nikataja tarehe ya muhuri na ule mkataba, nikaongeza kuwa tusipojibiwa tutaipelekea habari Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwezi wa Oktoba wakalipa thamani ya begi na lesi nne. Za tatu zilizobaki hazikuwa na risiti, wakazikataa, na kusema kweli siwezi kuwalaumu. Bibi harusi mmoja alikuwa amekwisha kuirudisha arubuni yake. Fedha zilichelewa mno kumwokoa shangazi kwa huyo.

Sasa maoni yangu ni haya. Darasani tunafundishwa barua rasmi ya kuomba kazi na ya kuomba ruhusa. Daima tunaomba! Sijapata kupewa zoezi la kuandika barua ya kudai haki kwa adabu, na sioni kwa nini. Nawaomba walimu wetu wa lugha watupe zoezi hilo hata mara moja kabla ya mtihani, na wazazi wasione kuwa ni kumfundisha mtoto ujeuri.

Baba mdogo hata leo husema ni makelele yake yaliyowatisha. Shangazi hambishii. Ila siku hizi risiti zake zote, hata za uzi na vifungo, zimo katika kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na kile kikaratasi cha begi.