Anayeitunga gemu hana budi kuisoma tamthilia

DIRA YA BONDE
Na Chepkoech Rono

Shule zikifungwa, vibanda vya gemu vya Litein, Sotik na Kapkatet hujaa wanafunzi wa sekondari, na wazazi hulalamika kwamba watoto wametupa vitabu. Vitabu vilitupwa zamani, na kilichovitupa ni mwongozo. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne atakutajia sifa zote za Yona katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege bila kuifungua tamthilia yenyewe. Amezikariri kutoka kijitabu cha maswali na majibu, na alama atapewa. Inaniuma.

Ndiyo maana nawaunga mkono walimu wanaotaka gemu darasani, ila kwa sharti moja: mwanafunzi aitunge mwenyewe. Chukua Neema wa tamthilia hiyo. Mamake, Sara, ni mgonjwa, babake, Yona, amezama katika ulevi, na Neema mwenyewe ana ndoa yake na Bunju ya kulinda. Wape wanafunzi onyesho moja, waandike njia tatu ambazo Neema angeweza kufuata, kila njia na matokeo yake. Watabishana. Anayetaka Neema amjibu Bunju kwa ukali itambidi ayarudie maneno ya Bunju ukurasa kwa ukurasa, amjue ni mtu wa namna gani, ndipo aandike atakavyojibu. Akifika hapo ataanza kuuliza kwa nini Arege alishika njia aliyoishika, swali ambalo mwongozo haumsaidii kulijibu.

Vifaa si kikwazo kikubwa. Twine, programu ya bure ya kuandikia hadithi zenye njia nyingi, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na hadithi iliyokamilika hufunguka hata pasipo intaneti. Shule isiyo na kompyuta ibandike kadi za manila ukutani. Simu zibaki nyumbani.

Naielewa hofu ya mzazi wa huku. Mashine za kuchuma chai zimewaondoa watu mashambani, na Mei 2023 baadhi yazo zilichomwa moto hapa Kericho. Aliyepoteza kibarua kwa sababu ya mashine ana haki ya kuuliza skrini itamfanyia nini mwanawe. Jibu langu ni kwamba mtoto huyu ndiye atakayeiamuru. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007. Vijana wetu wanaweza.

Nasi tuna hazina ya kuanzia. Chemosi, zimwi la mguu mmoja la ngano za Wakipsigis, anawangoja watunzi, na nyanya zetu wanaozijua ngano hizo bado wapo. Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na Fasihi ya Kiswahili ni miongoni mwa masomo ya kuchagua. Walimu wa fasihi wa Kericho na Bomet, ketini na wenzenu wa kompyuta likizo ya Agosti, mchague onyesho moja tu, mwanze nalo muhula wa tatu.