Rudi Ukiumwa

Vituo vya afya nilivyowahi kuingia hapa Bujumbura hupenda kuandika ukutani kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nimeyasoma maneno hayo tangu nilipojua kusoma, na zamani niliyaamini. Siku hizi nikiyaona nakasirika. Maneno yenyewe ni ya kweli. Kinachonikasirisha ni kwamba kinga tunaandikiwa ukutani, lakini anayetakiwa kuilipia hayupo.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari Buyenzi. Alianza kuona damu akienda haja kubwa, akanyamaza. Alipomwambia shangazi, akaambiwa ni bawasiri. Akanunua dawa za mitishamba, zikamsaidia wiki mbili. Damu iliporudi alikwenda kwenye kituo cha afya, akapewa dawa ya amiba. Akaenda tena, akapewa dawa ya bawasiri. Hivyo ndivyo ulivyopita mwaka mmoja na nusu. Alipofika mbele ya daktari mwenye mashine ya kuangalia ndani ya utumbo, alikuwa amekonda hata suruali ya kazi inamvuka. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tuliuza vyombo vyake vya kazi kimoja kimoja. Alifariki akiwa na miaka 47.

Kabla hajafariki, daktari alituita nje akasema: ndugu zake wa tumbo moja wachunguzwe, hata kama hawana dalili yoyote. Ndugu yake wa tumbo moja ni mama yangu. Mama ameajiriwa, ana bima ya kazini, na kila mwezi anakatwa fedha kwenye mshahara. Akaenda dirishani kuuliza kama bima italipa uchunguzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Mama, unaumwa wapi?" kijana wa dirishani akauliza.

"Siumwi, mwanangu."

"Basi urudi ukiumwa, mama."

Hakumtukana. Alisema kwa upole kabisa, kwa sababu ndivyo kanuni alizopewa zinavyosema: bima inamjua mgonjwa tu. Ninayegombana naye katika insha hii ni kanuni hiyo. Nadai sheria iwekwe nchini Burundi inayolazimisha kila bima ya afya, ya umma na ya binafsi, kulipia uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana kwa kila mwanachama aliyefikisha miaka 50, na kwa aliyefiwa au kuuguliwa na ndugu wa karibu kwa ugonjwa huo, kuanzia miaka 40. Alipe mtu akiwa mzima, asisubiri aumwe.

Kwa nini akiwa mzima? Jibu liko kwenye tabia ya ugonjwa wenyewe. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, ambacho madaktari hukiita polipu. Polipu nyingi hazileti madhara. Baadhi hugeuka saratani, lakini polepole, mara nyingi kwa miaka kumi au zaidi. Katika miaka yote hiyo mtu anakula, anafanya kazi, anacheza na watoto wake. Haumwi. Daktari akiingiza kamera anaweza kuiona polipu na kuikata papo hapo, na ugonjwa ukawa haukuzaliwa. Hata saratani ikiwa imeshaanza, kuiwahi kunabadilisha kila kitu. Kwa takwimu za Marekani, ikigunduliwa kabla ya kutoka nje ya utumbo, wagonjwa kama tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika kwenye viungo vya mbali, hawafiki hata wawili kati ya kumi. Ugonjwa unaotupa muda wa miaka kumi, sisi tumeuambia urudi baadaye.

Nilipoeleza hoja hii darasani, nilipingwa kwa njia tatu. Nataka nizijibu zote, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wanazo vichwani sasa hivi.

Pingamizi la kwanza: huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wanaosema hivyo wana babu yao kielimu, hata kama hawamjui. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyojaa katika hospitali za Ulaya, ilikuwa adimu kwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula: Waafrika wale walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Tuangalie vizuri alichosema. Hakusema damu ya Mwafrika ina kinga. Alitaja sahani. Na sahani ikibadilika, kinga inaondoka nayo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio la kubadilishana chakula: Wamarekani Weusi 20 walikula chakula cha vijijini Afrika Kusini, na watu 20 wa vijijini huko wakala chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Ndani ya wiki mbili tu, dalili za hatari kwenye utumbo zilikuwa zimepungua kwa wale wa kwanza na kupanda kwa hawa wa pili.

Sasa mpite jioni Bwiza au Buyenzi mwangalie sahani zetu. Maharage na majani ya muhogo bado yapo, asante Mungu, lakini brosheti, chipsi na bia vimeketi kwenye kiti cha mbele. Na anayeamini kwamba rangi ya ngozi ni kinga amkumbuke Chadwick Boseman, ambaye tulimshangilia katika Black Panther. Saratani ya utumbo mpana ilimuua Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Duniani, mwaka 2022, ugonjwa huu ulikadiriwa kuwapata watu wapya zaidi ya milioni 1.9 na kuua zaidi ya laki tisa.

Pingamizi la pili: nchi ni maskini, mashine za kamera ni chache, na madaktari wake ni wachache zaidi. Hilo ni kweli. Lakini uchunguzi hauanzi na kamera. Unaanza na kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mtu anachukua sampuli nyumbani, anaipeleka maabara, na anayekutwa na damu ndiye anayepelekwa kwenye kamera. Uingereza ilipoanza mpango wake mwaka 2006, ilianza kwa kuwatumia watu vifaa vya kipimo cha namna hiyo majumbani kwa posta. Nasi je, kipimo cha kinyesi ni kitu kigeni? Nani kati yetu hajawahi kubeba kikopo asubuhi kwenda kupimwa amiba au minyoo? Kazi hiyo mafundi wetu wa maabara wanaijua.

Mwenzangu mmoja anayesomea udaktari alinipa pingamizi gumu zaidi: kando ya Tanganyika na katika tambarare ya Imbo kuna kichocho, na kichocho cha tumbo nacho huleta damu kwenye kinyesi. Kipimo kitawashtua watu wasio na saratani. Nakubali. Kwa hiyo anayekutwa na damu atafutiwe kwanza mayai ya kichocho na minyoo, atibiwe, kisha apimwe tena kabla ya kupelekwa kwenye kamera. Atakayekutwa na kichocho atakuwa amepona kichocho. Hiyo nayo ni faida.

Pingamizi la tatu: bima si sadaka, hailipii wasioumwa. Hili ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu nchi hii ilishalikataa. Mei 2006, vita vikiwa vibichi katika kumbukumbu, serikali ilitangaza matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Watu walisema haiwezekani, na leo tuna wadogo zetu waliozaliwa chini ya uamuzi ule. Chanjo je? Mtoto anayepelekwa chanjo haumwi. Mjamzito anayepimwa kila baada ya wiki kadhaa haumwi. Hakuna anayewaambia warudi wakiumwa. Kanuni ya kumlipia mtu mzima ili asiugue tunayo. Tumeikomesha tu pale mtu anapofikisha umri wa mama yangu.

Na wenye bima wanalipa. Watumishi wa serikali wana Mutuelle yao tangu mwaka 1980, na wanakatwa kila mwezi. Wananchi wengine hununua kadi ya CAM. Wanachama hao wanadai sehemu ya fedha yao itumike mapema, kabla haijahitajika nyingi zaidi kwa upasuaji, dawa za kemikali, na safari za Kigali, Kampala au India. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa vyombo vya fundi vilivyouzwa.

Najua pia kwamba sheria mbovu inaweza kudanganya. Marekani ilipitisha mwaka 2010 sheria inayolazimisha bima kulipia uchunguzi huu bila mwanachama kuchangia. Lakini watu walilala kwa ajili ya kamera ya bure, wakaamka na ankara, kwa sababu daktari alikuta polipu akaikata, na bima ikadai kwamba uchunguzi umegeuka tiba. Wengine walipimwa kinyesi bure, kipimo kikaonyesha damu, kisha kamera wakailipia wenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuziba mianya hiyo. Sisi tuizibe siku ya kwanza. Sheria iseme wazi: kikopo, maabara, kamera, kukata polipu, na kuipima hiyo polipu, vyote ni uchunguzi mmoja na vyote vinalipiwa.

Limebaki jambo moja ambalo sheria haiwezi kulifanya. Mjomba alinyamaza miezi mingi kwa sababu ya aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajisifu kwa lugha yenye tafsida kwa kila kitu, lakini tafsida zikimzuia mtu kutamka "naona damu chooni" mbele ya mkewe na daktari wake, zinatuua. Walimu wetu watanisamehe kwa kuandika neno kinyesi mara nyingi kiasi hiki katika kitabu cha insha. Nimelihitaji.

Mama ana miaka 51. Tangu siku ile ya dirishani tunaweka faranga kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga ili akachunguzwe kwa fedha zetu, huku bima ikiendelea kumkata mshahara. Kopo halijajaa. Bado haumwi.