Zimwi la Sinema Halipimwi kwa Kiingilio

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwa kinyozi hapa Nairobi nikingoja zamu yangu, nimefuatana na mpwa wangu ambaye ni mpenzi mkubwa wa sinema. Mara nikamsikia amepandisha sauti akibishana na kijana aliyekuwa akinyolewa.

"Itaingiza milioni mia sita!" alisema mpwa wangu.

"Thubutu! Hata mia nne haitafika," alijibu mwenziwe, huku kinyozi akimsihi atulize kichwa asije akakatwa sikio.

Mimi nilidhani wanazungumza juu ya bei ya mchezaji wa kandanda anayetaka kuhama timu huko Ulaya. La hasha! Walikuwa wakibishana juu ya mapato ya sinema za madude, tena sinema ambazo hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameziona, kwa kuwa zilikuwa hazijatoka. Nilicheka moyoni. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani jambo lile lilianza kunikera, na ndiyo sababu leo nimeona nilizungumze katika ukurasa huu.

Kwanza nimweleze msomaji asiyefuata mambo haya. Godzilla ni dude la baharini, mfano wa mjusi mkubwa kupita majumba, lililobuniwa na kampuni ya Toho ya Japani mwaka wa 1954. King Kong ni sokwe wa ajabu aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1933. Siku hizi Godzilla ana nyumba mbili. Wajapani wanaendelea kutengeneza sinema zao wenyewe, na Wamarekani wa kampuni ya Legendary wanatengeneza zao kwa ruhusa ya Toho, ambamo humkutanisha na Kong. Mwaka wa 2025 pande zote mbili zilitangaza majina ya sinema zinazofuata: Godzilla Minus Zero ya Wajapani, iliyopangiwa Novemba 2026, na Godzilla x Kong: Supernova ya Wamarekani, iliyopangiwa Machi 2027. Hapo ndipo mashabiki walipoanza kupiga ramli: ipi itaingiza zaidi, na kiasi gani?

Wahenga walisema usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Hata hivyo, sitaki kuwahukumu vijana hawa bila kuwasikiliza. Shabiki anayebashiri mapato ana sababu yake. Anajua kwamba maisha ya dude analolipenda yamo mikononi mwa karani anayehesabu fedha. Pakipatikana faida, dude litarudi. Pasipopatikana, litazikwa. Kwa hivyo anapopiga kelele kwamba sinema itaingiza mamilioni, aghalabu huwa anaomba dua tu ili mpenzi wake asife.

Na jambo hilo halikuanza jana. King Kong ya kwanza ilipofunguliwa jijini New York mwezi wa Machi 1933, Marekani ilikuwa imeshikwa na ufukara mkubwa, mabenki yalikuwa yakifungwa, na kampuni ya RKO iliyoitengeneza ilikuwa taabani kwa madeni. Angekuwako mbashiri siku hizo angesema kuwa hapana mtu atakayetoa senti yake kumtazama sokwe wa kubuni. Lakini katika siku nne za mwanzo sinema hiyo iliingiza karibu dola 90,000 katika majumba mawili tu, na hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kong alikuwa mwanasesere wa kimo kama cha mkono, akisogezwa kidogo kidogo na fundi Willis O'Brien, lakini watu walitoka wakitetemeka.

Basi tukijua kwamba wabashiri hukosea, tujiulize hukosea wapi. Nitatoa mifano mitatu.

Mwaka wa 1998 Wamarekani walitengeneza Godzilla yao ya kwanza, chini ya Roland Emmerich. Matangazo yalitanda kila mahali yakijivunia ukubwa wa dude hilo. Mwaka uliotangulia, sinema ya pili ya Jurassic Park ilikuwa imeingiza dola milioni 90 huko Marekani katika wikendi moja ya sikukuu, na wengi walitarajia Godzilla ivunje rekodi hiyo. Kumbe iliambulia kama milioni 55 katika siku nne za wikendi ile ile ya sikukuu. Ulimwenguni kote ilifikisha takriban milioni 379, ambazo si haba, lakini mashabiki walilikataa dude lenyewe, na sinema zilizokuwa zimepangwa kulifuata zikatupwa kapuni. Toho nao walilirudisha baadaye, mwaka wa 2004, wakalipa jina la Zilla tu, na wakamfanya Godzilla wa kweli alipige mara moja likafa.

Mfano wa pili ni wa mwaka wa 2019. Sinema ya Godzilla ya mwaka wa 2014 ilikuwa imeingiza dola milioni 529. Ikatengenezwa ya kuifuata, Godzilla: King of the Monsters, ikaongezwa na madude mengine matatu mashuhuri ya Kijapani. Hesabu ya mashabiki ilikuwa nyepesi: ikiwa dude moja lilileta milioni 529, manne yataleta ngapi? Majibu yalikuwa milioni 387. Hapo wabashiri wale wale wakageuka wakatangaza matanga, wakisema Godzilla amekwisha na watu wamemchoka.

Je, alikwisha? Mwaka wa 2021, wakati wa janga la korona, huku majumba mengi ya sinema yakiwa yamefungwa na huku Wamarekani wakiweza kuitazama nyumbani siku ile ile, Godzilla vs. Kong iliingiza takriban milioni 470. Na mwaka wa 2024 ikaja Godzilla x Kong: The New Empire. Wajuzi walikisia kwamba itafunguka huko Marekani kwa milioni 50 hivi. Ikafunguka kwa milioni 80, na mwishowe ikafikisha milioni 572 ulimwenguni. Huo ndio mfano wangu wa tatu. Waliotarajia makubwa walipata madogo, na waliotarajia madogo walipata makubwa.

Nilipomweleza mpwa wangu haya alinijibu kwa methali: "Mjomba, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sinema ikiwa nzuri itaingiza, na ikiwa mbaya haitaingiza. Kwa hivyo hesabu ni kipimo."

Jibu lake lina utamu, lakini halina ukweli wote. Hata hesabu yenyewe vijana hawa hawaifanyi sawasawa. Kile kinachotajwa kuwa mapato ni kiingilio kilichokusanywa mlangoni, wala si faida. Mwenye jumba huchukua fungu lake, na kwa jumla mtengenezaji huambulia kama nusu hivi. Huko Uchina, ambako madude haya yanapendwa sana, sehemu ya mtengenezaji wa kigeni kwa kawaida ni robo tu. Tena matangazo hugharimu mamilioni ambayo hayamo katika gharama ya kutengeneza sinema yenyewe. Ndiyo maana wafanyabiashara husema kwamba sinema kubwa haina budi kukusanya mlangoni mara mbili na nusu ya gharama yake, ama zaidi, kabla ya kuanza kula faida. Sinema ya mwaka wa 2019 iligharimu kati ya milioni 170 na milioni 200. Piga hesabu hiyo mwenyewe, msomaji, uone ni kwa nini milioni 387 zilihesabiwa kuwa kilio.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka wa 2023 Toho walitoa Godzilla Minus One, iliyoongozwa na Takashi Yamazaki. Yeye mwenyewe alisema kwamba gharama haikufika dola milioni 15, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya gharama ya ile ya Wamarekani ya 2019. Mafundi wa picha za dude walikuwa 35 tu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 100 ulimwenguni. Kwa macho ya shabiki anayetafuta nambari kubwa, milioni 100 ni aibu mbele ya milioni 572. Lakini kwa mwenye mtaji ule mdogo, hiyo ni neema. Na chanda chema huvikwa pete: mwezi wa Machi 2024 sinema hiyo ilitunukiwa tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha zake, tuzo ya kwanza ya Oscar kwa sinema yoyote ya Godzilla tangu 1954.

Ni nini kilichowavuta watu? Kwa maoni yangu si ukubwa wa dude. Sinema hiyo inasimulia habari za rubani aliyekwepa kufa vitani, akarudi katika jiji lililoteketea, akiwa na aibu isiyomwacha alale. Dude linapofika tayari tunamjua mtu atakayeumia. Katika sinema nyingine madude hupigana na majumba huanguka bila sisi kujua ni nani aliyekuwa ndani. Ndovu wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, lakini kamera haizitazami nyasi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha maneno yangu. Nilimuuliza mpwa wangu, ambaye anaweza kukutajia mapato ya sinema hizi zote kama mtoto wa madrasa anavyosoma juzuu: "Lile dude la kwanza lilitoka wapi?" Akanijibu kwamba lilitoka baharini. Zaidi ya hapo hakujua.

Nikamweleza. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyokuwa mbali na hapo ilinyeshewa majivu ya sumu. Wavuvi 23 waliugua, na mmoja wao akafariki mwezi wa Septemba. Mnamo tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, Godzilla ikaanza kuonyeshwa, nayo yaanza na chombo kinachoteketezwa baharini na mwanga usioelezeka. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyepita Hiroshima aliporejea kutoka vitani. Wajapani walionunua tiketi walikuwa wapatao milioni 9.6, wengi wao wakiwa watu ambao miji yao ilikuwa imeteketea miaka tisa tu iliyopita. Je, hao walikwenda kutazama mjusi? Walikwenda kujililia.

Jioni moja nilimkalisha nikamwonyesha sinema hiyo kuukuu, isiyo na rangi, ambayo dude lake ni mtu aliyevaa gamba la mpira. Mwanzoni alikuwa akicheka. Kisha pakafika mahali ambapo mama mmoja amejikunyata barabarani na watoto wake, moto umewazunguka, naye anawaambia kwamba sasa hivi watakwenda kuungana na baba yao. Mpwa wangu aliacha kucheka. Sinema ilipokwisha alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mjomba, sikujua kwamba ni ya huzuni." Hakuniuliza iliingiza kiasi gani.

Sisemi kwamba mashabiki waache kubashiri. Mabishano ni chumvi ya mapenzi, na shabiki asiyebishana ni shabiki wa jina tu. Hofu yangu ni kwamba tukizoea kupima dude kwa fedha peke yake, wenye mitaji watatusikia na kutupa tulichokiomba. Tukishangilia nambari kubwa, watatuletea nambari kubwa: madude matano badala ya mawili, miji kumi badala ya mmoja, na hofu kidogo kuliko jana. Tutakuwa tumelilea zimwi jingine, zimwi la mahesabu, nalo halina huruma hata kwa Godzilla mwenyewe. Lile la 1998 lilifika kwa kishindo cha matangazo, likakusanya fedha kuliko Minus One, na leo hapana anayelililia.

Shabiki ana haki ya kutaka dude lake liishi. Basi na alitetee kwa kile kinacholifanya liishi. Kong amedumu tangu 1933 na Godzilla tangu 1954, na baina ya miaka hiyo yote wamepata hasara na faida mara nyingi. Wamerudi kila mara kwa sababu kizazi kilichotangulia kilikisimulia kizazi kilichofuata jinsi kilivyoogopa gizani. Sijapata kumsikia mzee akimsimulia mjukuu wake habari za kiingilio.

Kwa hivyo, vijana, sinema hizo mbili zitakapofika, bashirini mpendavyo kabla ya kuingia ndani. Lakini mkitoka, kabla hamjatafuta habari za mamilioni, ulizaneni kwanza swali moja: je, tuliogopa, na tulimwogopea nani? Mwenye jibu la swali hilo atakuwa amepata faida ya tiketi yake, hata kama kampuni imekula hasara.