Ruzuku ya Barabara na Lugha ya Aendaye kwa Miguu

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo humfaa aliye kitandani, wala haimfai mkazi wa mji anayetaka kujengewa njia. Mkazi wa mji ana akili timamu, na miguu yake inalijua kila shimo la mahali apitapo. Hata hivyo, namna miji mingi ya Kenya inavyoomba ruzuku za kuboresha usafiri humfanya mkazi huyo awe kama mgonjwa huyo. Huletewa mradi uliokwisha kupikwa, hufafanuliwa kwa lugha asiyoimudu, kisha huombwa atie sahihi.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini miji huomba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kifungu cha 203 kiliagiza kwamba kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, nacho Kifungu cha 202 kikaruhusu zipewe fedha za ziada, zenye masharti au zisizo na masharti. Mzigo ni mzito na mfuko ni mwepesi, kwa kuwa mishahara na hospitali pia hudai haki yake. Kwa hivyo mji unaotaka kujenga njia za miguu au kuzibua mitaro hauna budi kunyoosha mkono.

Mfano ulio bayana ni mpango wa kuisaidia miji ya Kenya ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mnamo 2017 kwa mkopo wa dola milioni 300. Miji 59 katika kaunti 45 ililengwa. Nairobi na Mombasa hazikuwamo. Ili mji upate fedha hizo, ulipaswa kutimiza masharti, mathalani kuwa na hati ya manispaa, bodi, meneja na bajeti yake. Barabara, njia za waendao kwa miguu, taa na mitaro ya maji ya mvua zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoruhusiwa kugharimiwa. Ikumbukwe kwamba kinachoitwa ruzuku kinapofika mjini ni deni katika vitabu vya taifa. Mama auzaye sukuma wiki atalilipa kupitia ushuru wa bidhaa anunuazo. Basi ana haki ya kujua kimenunuliwa nini.

Eldoret ulikuwa mmoja wa miji hiyo 59, na mnamo Agosti 2024 ulipandishwa hadhi ukawa jiji la tano nchini. Kila alfajiri watu hutoka Langas, Huruma na Munyaka wakielekea kazini, sokoni na shuleni, na wengi wao huenda kwa miguu. Barabara kuu iendayo Uganda hupita katikati ya mji. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu za taifa zina mamlaka yake, barabara za mijini zina mamlaka nyingine, nazo kaunti, kwa mujibu wa Katiba, zina barabara zake. Aendaye kwa miguu hana habari ya mipaka hiyo. Anachokijua ni kwamba mahali fulani njia hukatika ghafla, na hapo hujikuta akikabiliana na matatu na bodaboda.

Hili si jambo la starehe. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 waliangamia katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi. Kaunti ya Nairobi ilitambua hatari hiyo ilipopitisha, mnamo 2015, sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli. Sera hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mwenda kwa miguu aliahidiwa fungu lake katika waraka ambao huenda hata hakupata kuusikia, sembuse kuudai.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka wakazi wakutane na kutoa maoni yao kuhusu uendeshaji wa mji. Aghalabu kikao huwa hivi: afisa husimama mbele ya ukuta wenye michoro na takwimu za Kiingereza, husoma kwa kasi, kisha huuliza kama kuna swali. Ukumbi hunyamaza. Yule mama wa sukuma wiki alikuja akitaka kusema kwamba mtaro ulio karibu na kibanda chake hauna kifuniko na kwamba mtoto alitumbukia humo msimu wa mvua. Hajui kama mtaro huo umo katika mradi, kwa kuwa hakuona neno mtaro popote. Hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria na kurejea sokoni. Orodha hiyo huambatishwa na maombi kuwa ushahidi kwamba umma ulihusishwa. Je, huko ni kuhusisha au ni kuhesabu vichwa?

Wapo watakaosema kwamba wahandisi na wafadhili hutumia Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Dai hilo halina mashiko. Mtaro, kivuko, tuta, daraja, steji na taa ni maneno ya kila siku, na kwa hayo mtu aweza kueleza sehemu kubwa ya mradi wa mtaa. Wengine watasema kwamba kila jamii ina lugha yake. Ni kweli, lakini katika mji uliokusanya jamii nyingi, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha muuzaji na mnunuzi, utingo na abiria. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, nayo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka utoaji wa habari uzingatie lugha ya mahali husika.

Hakuna anayeidai Benki ya Dunia isome maombi kwa Kiswahili. Linalodaiwa ni dogo. Kila mji unaoomba ruzuku ya usafiri utoe muhtasari wa Kiswahili wenye kurasa chache, utaje njia zitakazojengwa, gharama, na nani atazitunza fedha zikiisha. Muhtasari huo ubandikwe sokoni na kwenye steji kabla ya Septemba 1, siku ya mwisho ya kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti, kwa maana mradi usiokuwa katika mpango hauna njia ya kupata fedha. Kisha wakazi waelezwe maoni yapi yalikubaliwa na yapi yalikataliwa, na kwa sababu gani.

Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni nao hawana budi kujiuliza taaluma yao ni ya nini. Chama kinachoweza kuandaa kongamano la fasihi chaweza pia kutafsiri kurasa tano za mradi wa barabara na kuzisoma katika baraza la mtaa. Avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Mji ukitaka kuijua njia inayoumiza, umuulize aipitaye, na umuulize kwa lugha atakayoijibu.