Meli Ndani ya Boksi
Anayenunua boksi la kuundia mfano wa Cutty Sark, ile meli ya chai iliyojengwa Dumbarton, Uskochi, mwaka 1869, hudhani kazi imeshamalizwa na mashine kwa kuwa mataruma yamekuja yamekatwa tayari. Wapi! Mtihani uko ubavuni: kila ufito wa mbao ulowekwe majini, ukunjwe kwa joto la pasi, kisha upunguzwe upana kuelekea omo, la sivyo fito zitapandana. Hapo ndipo wengi husalimu amri, na boksi likahamia juu ya kabati (mke au mume anajua ni la bei gani). Wanaovuka wanangojwa na kamba za milingoti mitatu, fundo kwa fundo, kwa kibano. Mwenye haraka akanunue ya plastiki.