Miaka elfu tatu ijayo, Cheptais watasemaje?

Msomaji mpenzi, hebu leo tuweke kando habari za karo na bei ya unga, tutembee kidogo katika wakati. Tuseme umelala usingizi kule Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kisha ukaamka baada ya miaka 3,000. Je, utawatambua watu utakaowakuta? Na wakikusalimu, utawaelewa?

Sura zao pengine hazitakushangaza sana. Kitakachokuacha kinywa wazi ni maneno yao.

Mwili wa binadamu hubadilika polepole mno. Chukua mfano wa maziwa. Kwa watu wengi duniani, tumbo hupunguza uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa baada ya utoto. Lakini mwaka wa 2007, wanasayansi waliowapima Watanzania, Wakenya na Wasudan 470 walieleza kwamba wafugaji wengi wa sehemu hizi wana badiliko dogo katika jeni zao, linalowawezesha kunywa maziwa hata uzeeni. Lile lililoenea zaidi Kenya na Tanzania walikadiria kuwa lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba! Na hata sasa, huwezi kumjua aliye nalo kwa kumtazama usoni.

Lugha nayo haina subira hiyo. Wataalamu wanasema Kisabaot cha Cheptais na lugha nyingine za Kalenjin zina asili moja na Kidatooga, kinachosemwa Tanzania karibu na Mlima Hanang. Wazee wao wa kale walielewana. Leo mzee wa Cheptais na mzee wa Hanang wakikutana, watatafuta Kiswahili ili waelewane.

Maneno pia huvuka ua kwenda kwa jirani. Wabukusu wa Bungoma ni Wabantu, lakini marika yao ya Maina, Chuma na Sawa ni ndugu wa Maina, Chumo na Sawe wa Wakalenjin. Hata jina Kalenjin lenyewe ni changa. Lilishika katika miaka ya 1940, kutokana na usemi wenye maana ya "nakwambia".

Mabadiliko ya aina hiyo si ugonjwa, bali ni dalili ya uhai. Cha kuogofya ni lugha kukatika. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, waliishi Wayaaku, wawindaji na warina asali. Katika karne ya 20 waliiacha lugha yao, wakachukua Kimaasai. Vizazi vichache tu vilitosha. Wajukuu wapo, damu ni ile ile, lakini lugha imebaki vinywani mwa wazee wachache mno.

Sasa turudi nyumbani, msomaji. Ni familia ngapi za Nairobi, Kitale na Bungoma mjini ambazo mtoto akipewa simu amsalimu nyanya yake aliyeko Cheptais, huirudisha haraka kwa mama kwa sababu hana la kusema? Mzazi hucheka. Nyanya, kule upande wa pili, hacheki.

Sisemi mtoto anyimwe Kiswahili wala Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na ndicho unachosoma sasa. Lakini kichwa cha mtoto si kibaba kinachojaa kikamwagika. Watoto wengi wa Bungoma hukua na lugha tatu bila kuumwa na kichwa. Aidha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na ilinde lugha mbalimbali za Wakenya. Serikali, hata hivyo, haiketi nanyi mezani wakati wa chakula cha jioni.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Matumbo ya vilembwe wetu yatajibadilisha yenyewe, bila kutuomba ruhusa. Lakini kama watajua wazee wao waliuitaje mlima ule, mvua na maziwa, hilo ni juu yako wewe mzazi. Leo ni Jumapili. Piga simu kwa nyanya, umpe mtoto, na usiipokee akikurudishia kabla hajasalimu.